Mama mkwe alivyochungulia tone la maji ya bwawa letu, Elisabethville

Wakuu, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Nimeshavuka themanini, kwa hiyo mkiona herufi zimerukana mnivumilie, miwani yangu na hii simu havielewani.

Haya sikuhadithiwa. Niliyaona mwenyewe, mengine niliyashika kwa mikono.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mji bado unaitwa Elisabethville. Nilikuwa nimeolewa karibuni na Anselme, kijana wa reli. Mama yake, Mama Veronika, alikuwa na kipande cha shamba kando ya kijito, upande wa Kampemba.

Siku zile watu walihimizwa sana kufuga samaki. Anselme akamwomba mama yake kile kipande, tuchimbe bwawa.

Mama akakubali, ila kwa sharti.

"Ijumaa Kuu nione samaki mu sahani. Kama apana, ninafunika ile shimo, ninapanda matembele."

Wakuu, yule mama hakuwa mtu wa kutania.

Tukachimba, tukaweka vifaranga vya tilapia (huko kwenu mnasema sato au ngege). Anselme akiwa reli, mwangalizi nilikuwa mimi. Nikalitunza lile bwawa kama sebule! Jani likidondoka, natoa. Maji yakawa maangavu mpaka mchanga wa chini unaonekana. Majirani wanapita wanasifia.

Samaki sasa. Vichwa vikubwa, miili kama njiti za kiberiti. Nawatupia makombo ya bukari, ugali wetu wa huku, wanakula, kisha wanabaki kunitazama.

Mama Veronika akaja siku moja, akatazama. Akaanza kutembea ukingoni akionyesha kwa kidole tuta moja litapita wapi na lingine wapi. Roho iliniuma. Anselme alilichimba lile bwawa kwa jembe, jioni baada ya kazi, mpaka viganja vikachubuka.

Ndipo Anselme akamwita Donatien, moniteur wa samaki, yaani mwalimu aliyezungukia mabwawa kwa baiskeli. Akaja na hadubini ndani ya sanduku la mbao, kaifunga nyuma ya baiskeli kama mtu aliyebeba mayai.

Akazamisha mkono hadi kiwiko.

"Ninaona bidole byangu byote," akaniambia. "Mama, hii maji iko muzuri ya kufulia nguo. Sasa samaki atakula nini?"

Akatuelekeza tujenge tundu la fito kwenye kona ya bwawa, tujaze majani na samadi ya mbuzi, viozee humo humo majini. Mimi niliyekuwa naokota kila jani! Lakini tukafanya.

Maji yakageuka rangi, yakawa kijani cha kuelekea kahawia. Harufu sisemi.

Donatien aliporudi kukagua, nani anatokea njiani? Mama Veronika, kitambaa kimebana pua.

"Weye mutoto! Maji yangu iko naoza!"

Donatien akajibu kwa upole, ila neno alilochagua, jamani...

"Mama, ni ba microbe. Banakula ile majani."

Mjue kwamba siku zile kwenye zahanati tulifundishwa microbe, microbe (vijidudu vya maradhi), kila siku. Nawa mikono, chemsha maji. Mama akalipuka:

"Microbe? Banatuambia tuchemshe maji bakufe, na weye unabapikia chakula?"

Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka.

Donatien hakubishana. Akadondosha tone kwenye kioo, akaweka hadubini juu ya sanduku. "Mama, angalia kwanza. Kisha utapanda matembele yako."

Mama akainama. Kwanza alifumba jicho lililokuwa kwenye hadubini, akaacha lile la pembeni wazi. Tukamrekebisha.

Halafu: "Yooo! Mama yangu! Iko moja inaruka! Iko na mapembe! Iko na mayai!"

Tukamwondoa kwa shida, nami nikachungulia. Wakuu, mle ndani kulikuwa na viumbe kama kamba, wale wanaoliwa, ila punje ya chumvi ni kubwa kwao. Jicho moja katikati ya kichwa. Jike ana vifuko viwili vya mayai mkiani, kama mwanamke anayetoka sokoni na vikapu viwili.

Donatien akaeleza. Majani yanaoza, bakteria wanayala. Hawa kamba wadogo wanawala bakteria pamoja na ule ukijani wa majini. Samaki anawala kamba. Lakini bakteria wengine wanaishi juu ya magamba ya kamba, hata tumboni mwao, na kinyesi cha kamba kinawalisha bakteria tena.

"Ku bahari ni vile vile," akasema. "Hawa beko na bandugu kule, bengi sana."

Mama Veronika alikuwa hajawahi kuona bahari. Akafikiri.

"Na kule nani anabawekea mavi ya mbuzi?"

Donatien alicheka mpaka akaegemea baiskeli. "Mama, kule beko najilisha na mavi yabo benyewe!"

Kuanzia hapo samadi ilibebwa kichwani na Mama Veronika mwenyewe. Akipita mtu ukingoni anamvuta mkono: "Usiseme inanuka. Mule muko bantu."

Samaki wakanenepa. Ijumaa Kuu mezani kulikuwa na tilapia, sombe (kisamvu) na bukari. Mama akasali kabla ya kula. Akamshukuru Mungu kwa samaki, kwa Anselme, kwa mimi mkwe wake (mara ya kwanza, wakuu!), na kwa bale badogo benye hatuone.

Tukasema amina. Akatufumbisha macho tena: "Ngojeni. Na ba microbe."

Tulicheka mpaka bukari ikapoa.

Nilichojifunza: usafi ni mzuri, lakini kabla hujafagia kitu, uliza kwanza kinamlisha nani.

Ninyi wa Mombasa, Tanga na Pemba, bahari mnayo mlangoni. Kuna aliyewahi kuchungulia tone lake? Mwageni hapa chini, bibi yenu anasoma zote, polepole.