Shoti ya Bibi Persida

Fundi Velizar hakuwa mtu wa kukosea, na hilo ndilo lililomponza. Alitengeneza mashine za kufulia katika mji wetu wa Smederevo kwa miaka thelathini na mmoja. Alianzia kiwandani, kiwanda kikafa, naye akaendelea kupanda ngazi za maghorofa yetu na begi lake la ngozi. Ukimwambia mashine ina walakini, hakukimbilia kubadilisha koili ya kuchemshia maji kama wafanyavyo mafundi wa siku hizi. Aliipima kwanza, tena mara tatu: ncha kwa ncha, aone kama imekatika, kisha ncha ya kwanza kwa bodi, yaani bati la mashine, na ncha ya pili kwa bodi, aone kama inavujisha umeme. "Koili inaweza kuchemsha vizuri na bado ikaua," alikuwa akituambia, hata tusipomuuliza.

Haya nayasema kwa kuwa nilikuwapo, si ya kuambiwa. Naishi ghorofa ya tatu, mlango kwa mlango na Obrad na mkewe Nevena. Mama yake Obrad, Bibi Persida, aliletwa kutoka kijijini baada ya kufiwa na mumewe, na tangu theluji ilipoyeyuka alikuwa akilalamika kwamba mashine ya bafuni inampiga shoti. Hakuna mwingine aliyepigwa. Nevena alifua kila siku, Obrad aliiegemea akinyoa ndevu, wapi. Ila bibi alikuwa na mambo mengine pia: alisahau sufuria motoni, alimwita Obrad kwa jina la marehemu baba yake. Basi shoti nayo ikatiwa kwenye kapu hilohilo.

Obrad alikuwa ameshachukua fomu za nyumba ya wazee. Lakini kwetu kumpeleka mzazi huko ni kujianika mbele ya mtaa mzima, kwa hiyo alisita. Akamwita Velizar, apate neno la mtu wa nje. Kama mashine ni nzima, basi kibovu ni kichwa cha mama.

Velizar alivua viatu mlangoni, Nevena akamsukumia ndara za mpira za wageni. Hapa kwetu hakuna anayekanyaga vigae kwa mguu mtupu. Tunaamini baridi hupanda hadi kwenye figo, na mwenye nyumba atakufuata na ndara mkononi mpaka uzivae. Bibi Persida peke yake ndiye aliyepiga deki bafuni pekupeku, kama alivyozoea kwao, na Nevena alikuwa amechoka kumgombeza.

Fundi akafungua mgongo wa mashine, akapima ncha kwa ncha. Namba ikatoka sawasawa. Akawasha, akangoja maji yapate moto, akaweka kiganja kwenye bodi. Hakusikia kitu. Akazima, akachukua tena mita yake ya kupimia umeme.

"Fundi, kahawa inapoa," Nevena akaita.

Akafunga mashine, akaja mezani, ambako nami nilikuwa nimekaribishwa. Vile vipimo viwili vya bodi havikufanywa.

"Haya, tuambie," Obrad akasema.

"Nzima kabisa. Mashine hiyo itatuzika sote."

"Inaniuma, mwanangu," Bibi Persida akamwambia fundi. "Inaanzia hapa kwenye vidole, inapanda mpaka begani."

"Bibi, umeme haubagui. Ungekuuma wewe ungeniuma na mimi. Labda imekuchukia tu, na si ajabu, mashine ya mjini hiyo."

Tukacheka. Nevena alicheka, Obrad alicheka kidogo, na mimi nilicheka mpaka nikaweka kikombe chini. Bibi alitutazama mmoja mmoja, halafu akaitazama mikono yake. Wiki iliyofuata alipelekwa nyumba ya wazee, na hakubisha.

Majani yalipoanza kupukutika, Obrad aliwekewa swichi kuu mpya, ile inayokata yenyewe umeme ukivuja. Mashine ikawa kila ikianza kuchemsha, nyumba nzima inazimika. Velizar akaitwa tena, nami nikaingia nyuma yake, maana udaku ni kilema changu. Alipima ncha kwa ncha: sawa. Akapima ncha kwa bodi. Akapima tena. Akaichomoa koili, akaikwangua ukoko wa chokaa ya maji, na chini yake kulikuwa na ufa mwembamba, umeota kutu ndani. Ufa wa juzi hauoti kutu. Soketi za jengo letu zina tundu la waya wa ardhi, ule wa kuupeleka chini umeme unaovuja, ila waya wenyewe haukuwahi kuvutwa. Umeme ulikuwa ukikaa pale kwenye bodi, ukimngoja mtu mwenye miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji. Niliona fundi akiinamisha macho hadi kwenye ndara alizovaa, na masikio yakamwiva.

"Imeharibika lini?" Obrad akauliza.

"Hizi hufa ghafla," Velizar akajibu.

Akaweka mpya, akaondoka. Nikamkuta amekaa kwenye ngazi, begi mapajani.

"Ghafla, fundi?"

"Niache, jirani."

"Lakini sote tulivaa ndara."

"Ninyi si mafundi," akasema. "Mimi niliacha kupima kwa ajili ya kikombe cha kahawa. Na si kahawa hata. Nilimtazama yule mama na kitambaa chake cha kichwani cha kijijini, nikaona nimeshajua."

Kesho yake alirudi akamwambia Obrad ukweli wote. Obrad alimsikiliza mlangoni, hakumkaribisha ndani. "Usimwambie," akasema. "Ameshazoea kule. Utamvuruga bure."

Siku nne Velizar hakushika kazi. Jumapili alinigongea, amenyoa, amevaa koti la kanisani, ana pakiti ya kahawa na kilo ya sukari mkononi.

"Twende wote kwa bibi," akasema. "Na wewe ulicheka."

Nikachukua koti.

Chumba kilikuwa na vitanda vitatu. Bibi Persida alikuwa amekaa kitandani, mikono ameificha kwapani. Nesi alitueleza kwamba hagusi kitu, si kitasa wala kijiko, mpaka kwanza amuulize mtu: hiki kinauma, au ni mimi? Niliposikia hivyo nilitamani ardhi inimeze. Velizar aliweka kahawa mezani, akakosa pa kuweka mikono.

"Bibi, mashine ilikuwa inakuuma kweli. Koili ilipasuka. Ulisema kweli toka siku ya kwanza, na mimi sikupima."

Bibi akasogea mpaka ukingoni mwa kitanda.

"Sema tena," akasema. "Huyu Kosara hapa hasikii vizuri."

Mama wa kitanda cha pili akageuza sikio. Velizar akasema tena, kwa sauti.

"Mlango uko wazi," bibi akasema. "Waliopo ukumbini nao niliwaambia mimi ni kichaa."

Velizar akaenda akasimama mlangoni, mtu wa miaka sitini, akayasema mara ya tatu mbele ya wazee waliokuwa wakicheza karata. Nami nikasema kwamba nilicheka. Hakuna aliyeniuliza, lakini nilisema.

Bibi akatoa mikono kwapani, akachukua mfuko wake kabatini bila kumuuliza mtu.

"Una gari?"

"Ninalo."

Obrad ndiye aliyefungua mlango. Hakumtazama mama yake, alimtazama fundi. Bibi Persida alimpita, akaenda mpaka chumbani kwake, nasi nyuma yake. Kitanda hakikuwapo. Ukuta ulikuwa na rangi mpya, na pale kilipokuwa kitanda kulikuwa na meza ya kompyuta.

Velizar akafungua kinywa aanze tena kujieleza. Bibi akamgusa mkono, macho yake kwa Obrad.

"Wewe umeshasema lako, mwanangu. Nenda nyumbani. Sasa nataka kumsikia huyu."