Keateka wa Ploti Yangu Mwenyewe

Kwa miaka kumi na minne nilikuwa keateka, yaani msimamizi, wa ploti yangu mwenyewe huko Kawangware, Nairobi. Vyumba kumi na viwili vya mabati, vyoo viwili, bomba moja la maji. Nilivijenga kwa mikono hii, kimoja baada ya kingine, na hakuna mtu aliyejua ni vyangu. Wapangaji walinijua kama mzee anayekuja kila tarehe tano kukusanya kodi ya landlodi. Mke wangu naye alijua hivyo hivyo. Tulikuwa tunaishi Mashimoni, Kibera, chumba kimoja cha kupanga, na kila mwezi nililipa kodi kama jirani zangu.

Siku hizi nasikia vijana, hata kwenye redio, wakisema watu wazungumze waziwazi juu ya pesa zao. Unalipwa ngapi, umeweka ngapi, unadaiwa ngapi. Kanisani kwetu waliniomba nisimame mbele ya wanaume niseme kitu juu ya hiyo. Nikakataa. Ninalo la kusema, lakini si la dakika kumi halafu watu wapige makofi. Ndiyo maana nimeketi kuandika. Mimi niliachia shule darasa la tatu, kwa hivyo nivumilie.

Kwanza nieleze kwa nini nilificha, maana sikuzaliwa mwongo.

Nilikuja Nairobi kutoka Magharibi nikiwa sina ndevu. Nilibeba mawe, nikachanganya simiti, nikawa fundi wa mawe ambaye makontrakta wanamtafuta. Wakati mmoja kontrakta alinilipa malimbikizo yangu yote mara moja. Sikuwa nimewahi kushika pesa kama hizo. Nilikuwa nimeshapatana na mtu juu ya kipande cha ardhi, kilichobaki ni kulipa. Lakini Jumamosi hiyo nikaketi na watu wa kwetu pale Kisumu Ndogo, humo humo Kibera, mdomo ukafunguka. Nilitaka wajue kwamba yule wa darasa la tatu sasa ananunua ploti. Wiki mbili hazikuisha. Kaka yangu alikuwa ameketi kwenye kitanda changu na karatasi za karo ya watoto wake. Binamu alikuwa na mgonjwa. Halafu kukatokea maiti ya kusafirishwa nyumbani, na wakanichagua mimi mwenyekiti wa kamati ya matanga. Mwenyekiti ni yule ambaye mchango ukipungua, anajazia. Nilijazia. Kile kipande kikachukuliwa na mtu mwingine.

Ilinichukua miaka sita kupata kingine. Safari hii nilifunga mdomo, na sikuchagua wa kumfungia. Nilifungia wote. Nilijiambia kwamba mke ana dada, dada ana mume, mume ana mdomo.

Na nilifaulu. Wako watu waliosoma mpaka chuo kikuu na hawana hata mlango wao. Mimi nilikuwa na kumi na miwili.

Ukiwa keateka hakuna anayekuchukia. Mtu akikosa kodi unamwambia, "Mimi ningekuachia, lakini landlodi amekataa. Unajua vile yuko." Nilimpa huyo landlodi tabia zake: mkali, anaishi mbali, hapendi simu. Kuna mama wa chumba cha saba anayefua nguo za watu. Siku moja nilitia kufuli kwenye mlango wake, watoto wake wawili wakiwa nje na sare za shule. Nikamwambia pole. Akanijibu, "Si makosa yako, mzee. Ni kazi umetumwa."

Mke wangu nilimwambia nalipwa kidogo kwa hiyo kazi, ili asiulize ninakokwenda. Yeye alikuwa anauza omena, dagaa wa ziwani, Kisumu Ndogo, na alinihurumia. Kila Desemba alichagua ile safi isiyo na mchanga, akapima gorogoro mbili kwa ule mkebe wake, akafunga vizuri. "Mpelekee mwenye ploti wako. Pengine atakukumbuka na kitu." Nami niliichukua. Nikifika Kawangware niliwagawia wapangaji, nikasema mke wangu amewatumia. Wakawa wanamwita mama omena, na hawajawahi kumwona.

Kuharibika kwa macho yake nilikuona kwanza kwenye biashara. Alipokuwa akimpimia mteja, omena ilikuwa inamwagika nje ya mkebe, kila mara upande wa kushoto. Wateja walifurahi, walidhani amekuwa mkarimu. Nikamwambia, "Mama, unatupa biashara." Akasema mkono umechoka. Halafu siku moja, saa nne asubuhi na jua limewaka, akajikwaa kwenye mitungi ya watu pale kwa maji, mitungi ya njano ambayo hata mtoto anaiona. Nikampeleka hospitali.

Daktari alimwangalia kwa muda mrefu. Akasema ni presha ya macho, jicho la kushoto limekwisha, na la kulia limeanza. Halafu akafungua faili. Kumbe mke wangu alikuwa ameshafika pale miaka miwili kabla, peke yake, na akapewa dawa.

"Mama, ile dawa ya matone ulikuwa unaweka kila siku?"

"Jumapili na Jumatano."

"Nani alikuambia hivyo?"

"Hakuna. Chupa ni karibu elfu mbili, daktari. Nikiweka kila siku inaisha na mwezi. Nikiweka hivyo, naisukuma mpaka miezi mitatu na kitu." Akageuza kichwa kunitafuta. "Sikutaka kukuongezea mzigo, mzee. Hiyo kazi yako nayo si kazi."

Mimi nilikuwa nimeketi pale na kadi ya benki ndani ya soksi.

Daktari akasema jicho lililobaki lifanyiwe upasuaji, na lisichelewe. Gharama ilikuwa elfu tisini. Nilikuwa nazo. Ningeweza kulipa kabla ya saa saba mchana. Lakini, na hapa ndipo naomba usome polepole, nilianza kupiga hesabu ya maneno, si ya pesa. Nikilipa leo, ataniuliza nimetoa wapi. Nikisema landlodi amenikopesha, huyu mwanamke atataka kwenda kumshukuru na gorogoro ya omena. Basi nikaamua niilete vipande vipande, ionekane imetafutwa. Nikamwambia, "Nitaomba landlodi mshahara wa mbele."

Wiki ya kwanza nikaleta elfu kumi na tano, nikasema ni ya rafiki wa kanisani. Wiki ya pili nikaleta elfu ishirini, nikasema ni ya kontrakta wa zamani. Kila mara aliniombea kwa Mungu. Wiki ya tatu nikamwambia landlodi bado anafikiria.

Yeye hakungoja afikirie. Jumapili, baada ya ibada, alimwomba jirani ampandishe gari la Kawangware, akaiulizia ploti mpaka akaifikia. Hakuniambia. Nilikuja kujua tarehe tano, nilipokwenda kuchukua kodi.

Nilikuta wapangaji wengi hawajaenda kazini, wamesimama karibu na bomba. Kijana wa chumba cha tatu, fundi wa kuchomelea vyuma, akapaza sauti, "Leo keateka ndiye anachukua, na landlodi alale njaa!" Wakacheka. Mimi nikacheka nao, sijui ni nini.

Mama wa kufua akanivutia ndoo nikae. "Mzee, mbona hukutuambia mama anapoteza macho? Alikuja hapa na kitambaa chake cha kanisa, anauliza landlodi anaishi wapi. Tukamwambia sisi wenyewe hatujawahi kumwona. Alikaa hapo hapo umekaa. Akasema hataki msaada wa bure, anataka tu akupe mshahara wa mbele, umemfanyia kazi miaka mingi."

"Huyo landlodi ni wa kuombwa?" kijana akasema. "Hata shetani ana siku ya kupokea wageni."

"Nyamaza wewe," mama akamwambia. Akanipa bahasha. "Tumechanga. Ni elfu sita na mia nne. Tumekula omena yake miaka yote hii, hatuwezi kukaa tu." Halafu akanipa kodi yake kando. "Kodi yangu imepungua mia tano. Mwambie landlodi nitamalizia wiki ijayo. Hiyo mia tano imo ndani ya bahasha."

Nilichukua.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mkono wangu haukukataa. Jibu ni kwamba ningekataa, wangeniuliza sababu. Nikasema asanteni, Mungu awabariki, nikaandika risiti za kodi, ile ya mama wa kufua nikaandika "imebaki 500" kama kawaida yangu, nikaondoka.

Sikupanda gari. Nilitembea mpaka Kibera na ile bahasha kifuani, na nilipofika nilimkuta mlangoni anachambua omena kwa vidole, hatazami. Nikaketi.

"Mwenye ploti ni mimi," nikasema.

"Ploti gani?"

"Ya Kawangware."

"Wacha mzaha, mzee."

Nikaingia ndani, nikatoa karatasi za ununuzi chini ya godoro la upande wangu. Akazisogeza karibu na jicho la kulia, karibu kabisa, mpaka zikagusa pua.

"Vyumba vingapi?"

"Kumi na viwili."

"Na omena yangu ya Desemba, nani alikuwa anakula?"

"Wapangaji."

"Basi hiyo angalau ilifikia watu."

Akarudi kuchambua. Nilidhani atalia, au atanitukana. Nilitaka anitukane. Akasema, si kwangu, ni kama anajikumbusha, "Jumapili na Jumatano."

Kesho yake nililipa zote zilizobaki. Akapasuliwa wiki hiyo hiyo. Daktari alisema imekwenda vizuri, lakini kilichokwisha hakirudi, na kilichobaki ni cha kulindwa na dawa maisha yake yote. Mke wangu anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mlango. Nilimvuta daktari kando, nikamuuliza zile wiki tatu zilikula kiasi gani. Akaniambia, "Mzee, hicho siwezi kukipima." Afadhali angetaja kiasi.

Alipopata nguvu, mke wangu akasema jambo moja tu juu ya bahasha. "Utairudisha wewe. Mchana, na watu wote wakiwa nje. Na mimi nitakuwepo."

Tulikwenda Jumapili, ameshika kiwiko changu. Nikasimama karibu na bomba nikasema mimi ndiye landlodi, hakuna mwingine, hakujawahi kuwa na mwingine. Kijana wa vyuma akaanza kucheka, akaona hakuna anayecheka naye, akanyamaza.

Mama wa kufua ndiye aliyeuliza. "Siku ile ya kufuli, landlodi alikuwa amekupigia simu?"

"Hapana."

"Basi ulikuwa umejituma mwenyewe."

"Ndiyo."

"Na mimi nikakupa pole."

Nikaanza kuwarudishia, mmoja mmoja. Wengine walichukua bila kunitazama. Yeye alikataa mia tano yake. "Hiyo nilimpa mama omena. Wewe huwezi kurudisha kitu ambacho hukupewa." Akaichukua kutoka mkononi mwangu, akaiweka kwenye kiganja cha mke wangu, akamfunga vidole. Kabla ya mwisho wa mwezi wapangaji wawili walihama. Yeye hakuhama, lakini mzee haniiti tena. Ananiita landlodi.

Na yale niliyoogopa yalikuja pia, nisidanganye. Habari ilifika nyumbani Magharibi kabla ya wiki kwisha. Mtoto wa kaka yangu alinipigia simu juu ya karo. Dada ya mke wangu alinuna, akasema nilimtesa dada yake makusudi. Nimeshachaguliwa mwenyekiti wa matanga mara mbili. Kwa hivyo vijana wanaosema uweke pesa zako mezani kila mtu aone, hao hawajawahi kuwa na kaka. Kwa mtu wa nje, bado nasema funga mdomo wako. Hapo sijabadilika, na sitabadilika.

Lakini mtu mnayelala naye kitanda kimoja, anayepunguza dawa yake ili wewe usiumie, huyo si mtu wa nje. Mimi nilimweka foleni moja na watu wa Kisumu Ndogo waliomaliza pesa zangu, na yeye hakuwa amewahi kuniomba hata shilingi.

Sasa kila tarehe tano nikitoka Kawangware naziweka zote kitandani mbele yake. Hii ni ya kodi yetu, hii ya paa la chumba cha tisa linalovuja, hii ya dawa. Anageuza kichwa ili jicho lizifikie, anazigusa, anasema sawa. Hata kadi ya benki nilimpa aiweke yeye.

Juzi nilimkuta ameishika chupa ya dawa anaitikisa sikioni, anasikiliza imebaki kiasi gani. Nikamuuliza kama ameweka asubuhi. Akasema ataweka baadaye, hii inatosha mpaka mwezi ujao ikitumiwa vizuri.

"Mama, pesa ipo. Si umeiona mwenyewe?"

"Nimeona ile umenionyesha," akasema.

Hakusema kwa hasira. Nilimwambia ainue uso, nikamwekea. Tangu siku hiyo namwekea mimi, asubuhi na jioni, kwa sababu sina njia nyingine ya kujua kwamba imeingia.