Kadi Iliyomrudisha Mpiga Chapa Nyumbani

Miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea ukingoni, nilikuwa karani katika ofisi ya kampuni ya kutafuta dhahabu pale Geita. Nilikuwa nimesoma kompyuta wiki mbili Mwanza, na kwa wiki hizo mbili ofisi nzima ikaniita fundi. Sikukataa. Nilikuwa kijana, na jina lilinikaa vizuri.

Mpiga chapa wetu alikuwa mama mtu mzima wa Ngokolo, Shinyanga, aliyepanga chumba Geita kwa ajili ya kazi. Tulimwita Mayu, mama kwa Kisukuma. Taipureta yake ilikuwa imetolewa kwa shule moja, naye akapewa kompyuta iliyounganishwa kwa waya na ile ya meneja, maana printa ilikuwa moja tu na ilikaa mezani kwa meneja. Alijifunza taratibu. Baada ya miezi michache alikuwa akichapa ripoti za kambi zetu zote za utafutaji, mpaka ile ya Nyarugusu hapohapo Geita.

Asubuhi moja, baada ya umeme kukatika na kurudi mara kadhaa, kompyuta yake iliwaka lakini haikuiona tena ya meneja. Nilipofungua orodha ya vifaa, nikakuta alama ya njano kwenye kadi ya mtandao, kile kibao cha ndani kinachopokea waya. Nikazima, nikawasha. Nikachomoa waya, nikaupuliza, nikauchomeka. Alama ikabaki palepale. Mayu alisimama nyuma yangu, rasimu zake kifuani, akaniambia nisiharakishe. Sikuwa naharakisha, sikujua la kufanya.

Nikamtafuta mtaalamu wa Mwanza kwa simu ya upepo. Nikamsomea maneno ya kwenye skrini herufi kwa herufi. Akasema tatizo ni draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi. Kambi zote zilikuwa zinasikiliza kwenye redio zao, na mchana huo walinzi wawili wakaniuliza ni dereva yupi aliyepatwa na matatizo.

Disketi ikatumwa kwa basi. Kondakta akapitiliza nayo hadi Chato, ikanifikia siku ya tatu imejaa vumbi, na kompyuta ikakataa kuisoma. Ya pili ilisomeka, ila ilikuwa ya kadi ya aina nyingine. Nilipoiweka, kompyuta ikawa inaganda kila ikiwashwa, ikabidi niiondoe. Mtaalamu akasema huenda vifaa viwili vinagombea namba moja ya mawasiliano ndani ya kompyuta. Nikabadilisha kila namba niliyoruhusiwa kubadilisha. Hakuna kilichosogea.

Siku hizo Mayu alibeba kazi yake kwa disketi mpaka kwa meneja, akingoja huyo ainuke ili aitoe kwenye printa. Meneja akachoka kuinuliwa. Akaagiza rasimu zije kwangu, nizichape kwenye mashine yake yeye akiwa kambini. Mayu akabaki kwenye kiti chake, mikono mapajani, akiifuta kibodi vumbi ambalo halikuwepo. Wiki ya tatu akaambiwa akapumzike nyumbani mpaka mashine itengemae.

Alikuja kuniaga. "Mwanangu, nieleze ukweli. Utaiweza?"

"Nitaiweza, Mayu."

Jibu hilo ninalijutia mpaka leo.

Mtaalamu alikuja mwenyewe baada ya muda. Hakuhangaika na draiva. Alifungua kasha, akachomoa kadi, akainusa, akasema imeungua. Akaweka nyingine, na kabla chai yake haijapoa kompyuta zikawa zinaonana. Nikaenda kwa meneja kumwambia kwamba Mayu sasa anaweza kurudi. Akajibu kuwa ameona kazi inakwenda bila Mayu, niandike barua ya kumwachisha kazi. Nikamwomba afikirie tena. Akasema ameshafikiri. Nikaiandika.

Niliipeleka mwenyewe Ngokolo. Nilimkuta akianika mahindi uani. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Miwani yake ilikuwa imevunjika, akaniomba nimsomee. Nilisoma mpaka mwisho bila kuinua macho. Aliendelea kutandaza mahindi kwa kiganja, kisha akauliza ile kompyuta ilikuwa na nini hasa. Nikamwambia kadi iliunguzwa na umeme, tangu asubuhi ile ya kwanza.

"Kumbe si mimi niliyeiharibu," alisema.

Muda wote ule alikuwa akiamini ni yeye, nami sikuwahi kumuuliza.