Samaki wa Mtwara na Posa ya Binti Yangu

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, lakini mashine ya kusaga niliyonayo hapa kijijini Hasamba niliifunga mwenyewe, na nyaya zake nilizivuta mwenyewe. Umeme naujua. Umeshanirusha zaidi ya mara moja. Ndiyo maana jambo la Mtwara linanichanganya mpaka leo.

Binti yangu alichumbiwa na kijana wa huko, anayetoa mizigo ya watu forodhani, mpakani Tunduma. Sisi hatutoi binti kabla ya kuiona nyumba anayokwenda. Nikapanda basi na dada yangu, shangazi yake binti. Njia nzima dada alinionya kwamba watu wa pwani wana dawa, nisishike kitu cha mtu. Nilimwambia anyamaze, lakini maneno yalikwishaniingia.

Asubuhi baba wa kijana akatupeleka ufukweni, wavuvi wanatoa nyavu. Wakamtupa mchangani samaki ambaye sijapata kumwona: mviringo kama ungo mdogo, hana magamba, ngozi laini ya rangi ya udongo yenye madoa, vijicho viwili juu, mkia mfupi mnene. Walikuwa wakimsukuma kwa kijiti. Nikawacheka, wanaume wazima kuogopa samaki asiye na mwiba.

"Mkwe, huyo usimguse," baba wa kijana akasema. "Ana umeme."

"Umeme wa waya gani?" Nikamwekea kiganja cha kulia mgongoni.

Nilijikuta nimekaa chini, mkono umekufa ganzi mpaka begani. Dada akaanza kuomba kwa Kinyiha, lugha yetu, kisha akaninong'oneza kuwa nimeona mwenyewe, twende zetu, hapa hatumwachi mtoto. Nami nilikuwa karibu kukubali. Kipigo kile nilikijua, ni kilekile cha kwenye mashine. Lakini waya uko wapi? Na kama ni umeme kweli, mbona yeye mwenyewe haumpigi, naye analala majini?

Mkwe, yule baba wa kijana, hakunicheka. Alieleza tu kwamba samaki huyo hujifukia mchangani, akasubiri samaki wengine wapite, akawapiga ndipo awale. Ukimshikashika sana, nguvu humwishia.

Hapo nikainuka, nikamshika tena. Akanipiga, ila si kama mwanzo. Dada akanivuta shati. Nikaendelea kumshika mpaka ikabaki kama sisimizi wanatambaa kiganjani, kisha basi, kama tochi iliyokwisha betri.

"Dada," nikasema, "uchawi hauchoki."

"Wewe umeujulia wapi?"

Kila nikiwasha mashine namfikiria yule samaki na sielewi umeme wake unatoka wapi. Lakini mkwe alikuwa amesema kweli, na palepale mchangani niliikubali posa. Nikampa mkwe mkono uleule wa kulia, tukashikana, na vidole vyake sikuvisikia.