Mama Mlangoni kwa Jirani

Lambalamba, wale waganga wanaozunguka vijijini kufichua wachawi, walipofika kijijini kwetu karibu na Kaengesa, kila kaya ilitakiwa kuwafungulia mlango waingie na kufukua hirizi. Mama yangu, mjane, alikataa.

"Nyumba hii padri alishaibariki," aliwaambia. "Hamna cha kufukua humu."

Tangu siku hiyo tukatengwa. Hata tuliokaa nao benchi moja kanisani waliacha kutuitikia. Ulezi tulivuna wawili tu, mama na mimi, mashamba ya wenzetu yakiwa yamejaa watu na nyimbo. Aliyeshikilia jambo hilo ni mzee wa ng'ambo ya barabara, mtu mwenye sauti pale kijijini, aliyepita nyumba kwa nyumba akikataza tusipewe hata kaa la moto. Mama hakuacha kumwamkia. "Shikamoo, baba." Mzee anatazama pembeni. Nilikuwa nikiona aibu mimi.

Kisha mtoto mmoja akafa ghafla, na waganga wakamtaja yuleyule mzee.

Asubuhi watu walifurika uani kwake na mawe na marungu. Mama alikuwa anakoroga uji. Akaipua sufuria, akakaza kitenge, akavuka barabara. Nilimkimbilia nikamshika mkono. "Mama, rudi! Huyu si ndiye aliyetutenga?"

Hakugeuka. Alipita katikati yao, akaketi kizingitini, mgongo kwenye mlango uliofungwa.

"Mama, toka hapo!" mwanamume mmoja alifoka.

"Sitoki, mwanangu. Kama mnamtaka, mtaanzia kwangu."

Nikafumba macho kungoja jiwe la kwanza. Nilisikia upepo wetu ule wa baridi ukipuliza mabati, na ndani mzee akilia kama mtoto. Nilipofumbua, mikono ilikuwa imeshuka. Polisi walipofika kutoka Sumbawanga, jua likiwa utosini, uani hapakuwa na mtu. Mama alikuwa palepale.

Mzee aliishi mpaka uzee ulipomchukua. Shukrani sikumsikia akitoa, ila masika yalipokaribia alikuja na nyasi zake, akaezeka upya jiko letu bila kuombwa.

Jioni ya siku ile ya mawe nilimuuliza mama kama hakuogopa.

"Niliogopa sana. Unadhani kwa nini nilikaa? Miguu ilikuwa hainibebi."

Akacheka, akaubandika tena uji. Nilibaki nimesimama mlangoni nikimtazama, kama mtu niliyekuwa sijawahi kumwona.