Miguu Chini ya Pazia

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, aliniambia mbele ya ukoo mzima kule Ngara: "Nenda Rwanda. Lakini ukishindwa huko, utarudi kukaa chini ya paa langu, kwa masharti yangu." Nikamjibu, "Sawa shemeji, tumesikilizana." Wanawake waliokuwa jikoni walicheka wameziba midomo. Mimi sikucheka, maana masharti yake niliyajua: shamba la kahawa nililoachiwa na mume wangu lingekuwa lake, na mimi ningebaki kuomba hata chumvi.

Nilikuwa nimepika Lusahunga miaka mingi, kando ya barabara, nikiwalisha madereva wa malori yanayokwenda Rusumo. Siku moja wakaja watu na rangi nyekundu, wakachora X kwenye banda langu: limo ndani ya hifadhi ya barabara. Wenzangu walisogeza mabanda yao hatua chache nyuma, wakakaa kusubiri kuchorwa tena. Mimi nilikataa kusogezwa. Bibi yangu aliingia kule akiwa mkimbizi kutoka Rwanda, akanilea Nyabusozi kwa lugha yake, na tangu utoto wangu kila niliyegombana naye aliniambia nirudi kwetu. Basi nikasema nitakwenda, lakini kwa miguu yangu na kwa hiari yangu, na nikifika nitanunua biashara niwe mwenye mali kama wengine.

Shemeji alishikilia kunisindikiza hadi ng'ambo ya daraja la Rusumo, upande wa Rwanda. Alisema mwanamke akienda peke yake atauziwa mbuzi kwenye gunia. Katika mji mdogo wa huko tulionyeshwa biashara tatu zinazouzwa. Ya kwanza duka la vitenge, nikalikataa pale pale, kwa kuwa kitenge najua kukivaa tu. Ya pili mgahawa mkubwa wenye kibaraza, uso kwa uso na barabara ya malori. Ya tatu kimgahawa kilichojificha nyuma ya mafundi cherehani, mlangoni pazia la kijani lililopauka.

"Hapa hakuna mjadala," shemeji alisema, akionyesha kibaraza. "Biashara ni matangazo."

Baba yangu hakununua ng'ombe bila kwanza kushinda naye malishoni kutwa nzima, amwone anavyokula na anavyokunywa. Nami nikaomba benchi kwa mafundi cherehani, nikakaa tangu asubuhi. Kibaraza kilijaa mara mbili, malori yalipoingia, kisha kikabaki na nzi. Kwenye kimgahawa sikuona sura ya mtu, kwa sababu pazia lilifunika mlango hadi magotini, ila miguu niliiona. Viatu vilivyopigwa kiwi, mabuti ya mpira ya wakulima, kandambili za wanawake wa sokoni. Viatu fulani vya kahawia, vyenye kamba nyekundu, viliingia asubuhi na vikaingia tena mchana. Nilimwambia shemeji kwamba mteja wa kweli ni yule anayerudi.

"Unanunua uchochoro," alisema. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Likivunjika, ni langu."

Alipanda gari akarudi Ngara bila kuaga. Nikanunua.

Sasa nikiri ujinga wangu, maana nilikuwa nao. Niliona miguu ile yote, lakini sikujiuliza kwa nini pazia liko pale. Mimi ni mtu wa Lusahunga. Lusahunga chakula kinauzwa kwa macho: unafunua sufuria, mvuke unatoka, dereva anakanyaga breki. Siku ya kwanza tu nililing'oa lile pazia kuukuu. Nikahamishia sufuria mlangoni na meza mbili nje, nikajisifu kwamba sasa pana hewa.

Wiki ile viatu vya kahawia havikuja. Wala mabuti ya mpira. Watu walipita na kunisalimu kwa adabu, macho yao mbele, kana kwamba mimi nauza majeneza. Nilipunguza bei, nikaongeza nyama, haikusaidia. Habari zikavuka daraja, sijui kwa mdomo wa nani, na shemeji akanipigia simu kusema chumba kimeshafagiliwa. Niliogopa, nasema kweli. Siku zile niliona shamba langu likienda.

Asubuhi moja mama mmoja wa sokoni alinunua maharage na wali, akaangalia zile meza za nje, kisha akaniomba nimfungie akalie nyumbani. Nilipokuwa namfungia nikamwona bibi yangu mawazoni. Alikuwa akishinda mnadani Biharamulo tangu asubuhi hadi jua kushuka, na tumbo lake tupu. Ukimpa hata ndizi, anaikunja ndani ya khanga. "Mtu mzima hatafuni mbele za watu," aliniambia, na mimi nilidhani ni ubahili wa kizee tu. Alinifundisha lugha na adabu yake, nami nilikuja nchini kwake nimebeba lugha peke yake. Nilijionea aibu kuliko nilivyowahi kujionea.

Siku hiyo hiyo nilinunua kitambaa kizito cha bluu, fundi jirani akanishonea pazia refu kuliko la zamani. Meza zikarudi ndani. Haikupita wiki mbili, viatu vya kahawia vikaingia, mwenyewe akaagiza chakula kama mtu aliyetoka safari.

Shemeji hakujua hayo. Alikuja mwishoni mwa mwezi, na gari dogo la kukodi la kubebea vyombo vyangu. Nilimkuta amesimama nje, anatafuta meza zile alizosimuliwa.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Umeshafunga mizigo?"

"Umesafiri na njaa. Ingia kwanza."

Aliingia akakuta kiti kimoja tu kitupu. Nikamwekea sahani. Alikaa akiitazama, kisha akatazama mlango, kwa kuwa aliliacha pazia wazi nyuma yake na wapita njia walikuwa wanamwona. Akainuka, mzee yule wa kutoa masharti, akalivuta pazia mwenyewe mpaka mwisho, akarudi kuketi na kula.

Dereva wake akauliza kwa sauti kutoka nje: tunapakia nini?

"Mzigo wa kurudi nao ni huyu mzee," nilimjibu. "Yuko chini ya paa langu. Msubiri ashibe."