Alama Tano za Baba

Tulimzika baba mwezi uliopita, na mpaka leo watu hunisimamisha njiani kunipa pole wakimtaja kwa jina la utani. Walimwita Onyesha Njia. Alifundisha hisabati miaka thelathini na minane, na kwake hata ukipata jibu sahihi, usipoonyesha njia uliyopitia alikupa sufuri na tabasamu juu yake. Nyumbani nasi tulionja. Ukisema umeosha vyombo, alitaka kujua ulianza na kipi.

Alikuwa mcha Mungu wa kweli, si wa kujionyesha. Kila alfajiri alikaa jikoni na daftari la mahudhurio magotini, akawaombea wanafunzi wake mmoja mmoja, wa kwanza mpaka wa mwisho. Mwenye homa, aliyefiwa, mtoro sugu, wote walifikishwa mbele za Mungu sisi tukiwa tumekodolea birika macho.

"Baba watoto, leo wafupishie kidogo, chai inapoa," mama alimchokoza.

"Hao wa mwisho wamekosa nini?" alijibu bila kufumbua macho, kisha akaendelea.

Usidhani alikuwa mtu mkavu. Mama alikuwa muuguzi, zamu zake hazikuwa na mpangilio, kwa hiyo baba ndiye aliyetusuka nywele sisi wasichana watatu. Alijifunza kwa kumtazama jirani. Mistari yake ilinyooka utadhani kaipiga kwa rula, na alipokuwa akisuka aliniuliza jedwali la saba. Nikikosea, alivuta kidogo. Nilitoka pale kichwa kinaniuma na jedwali limeniingia.

Sasa niseme lililonikaa rohoni. Baba alikuwa na desturi yake mwenyewe: mtoto wake akifanya mtihani unaosahihishwa na yeye, alimkata alama tano. Hakutumwa na mtu. Aliogopa isije ikasemwa kwamba mwalimu anabeba wanawe. Kaka zangu waliziita ushuru, na mimi nilicheka pamoja nao mpaka nilipofika darasa la saba. Mwaka huo shule yetu ilipewa nafasi moja ya msichana kwenda sekondari ya bweni bila ada, na mtihani wa kumchagua ukasahihishwa na baba. Nilipitwa kwa alama tatu.

Msichana aliyekwenda sina ugomvi naye. Leo ni daktari, na magauni yake nayashona mimi. Mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu siionei haya hata kidogo. Nilipofungua duka, baba alikuja kila Jumamosi kunisaidia kupima mapazia ya wateja, akakagua hesabu zangu na kuuliza mita zile nimezipataje. Nilimpenda sana. Ila mimi si mtu wa kusahau. Miaka thelathini na mitatu nilingoja kitu kimoja tu kutoka kwake, aseme kwa kinywa chake kwamba alinionea, na hakusema.

Miguu ilipomkatalia akiwa na miaka themanini na minne, nilimhamishia kwangu. Nilimwogesha, nikamkata kucha, tukataniana. Asubuhi moja nilikuwa namfunga vifungo vya shati nikaona kwamba nikizidi kunyamaza, atakwenda nalo kaburini na mimi nitabaki nalo.

"Baba, zile alama tano."

Hakuuliza zipi.

"Ulijua nitaikosa ile nafasi?"

"Nilijua. Karatasi yako niliijumlisha mara mbili. Ulikuwa wa kwanza. Ndipo nikakata."

Nilikiachia kifungo kwa hasira.

"Nilimwomba Mungu aniambie kama nilitenda haki," akasema. "Nikimaliza kuwaombea watu wote, namuuliza hilo. Hajanijibu."

"Miaka yote hii?"

"Hata leo nimemuuliza."

Hapo nililia, na sikulia kwa upole. "Baba, jamani! Ulikuwa unasumbua mbinguni, na mimi niko meza hiyo hiyo nakunywa chai? Mbona hukuniuliza mimi?"

Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini hakuyakwepesha.

"Niliogopa jibu lako."

"Basi niulize sasa."

Alijikongoja akaketi wima, shati likiwa limefungwa nusu, kama mtu aliyeitwa mbele ya mkuu wa shule.

"Mwanangu, nilikutendea haki?"

"Hapana, baba. Ulinionea."

Alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa, kukubali. Kisha akanishika mkono kwa vidole vyake vikavu.

"Nisamehe, mama."

Nilikuwa nimeshamsamehe kabla hajamaliza kusema. Na hilo likaniudhi upya, kwa maana nilikuwa nimejiandalia maneno makali ya miaka thelathini na mitatu, na yote, pale pale, yakakosa kazi.